Mchezaji chipukizi anapojeruhiwa katika softiboli

Mtoto anapoumia katika mchezo wa softiboli, iwe mtaani Membley, Ruiru, au kwingineko, wajibu wa kwanza ni wa mwamuzi. Kwa kawaida husubiri wakimbiaji watulie ndipo asimamishe mchezo. Jeraha likiwa baya, husimamisha papo hapo na kuwapa wakimbiaji besi ambazo, kwa maoni yake, wangezifikia.

Anayevuja damu hutolewa hadi damu ikatike na jeraha lifungwe.

Chini ya kanuni za Little League, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1939, timu inayowapa wachezaji wote zamu ya kupiga huruka zamu ya aliyeumia bila kuadhibiwa. Akipata nafuu, hurejea nafasi yake ileile. Kwa hivyo kocha hana sababu ya kumshurutisha mtoto kuendelea.

Jeraha la kichwa halina mzaha. Anayeshukiwa kutikisika ubongo hapaswi kurejea uwanjani siku hiyo, hata akidai yu mzima. Baadaye aidhinishwe na daktari. Akizirai au kulalamikia shingo, asiinuliwe kiholela, bali msaada uitwe kwa nambari 999 au 112.