Adabu na Adhabu katika Shule za Ukambani

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya nidhamu katika shule za Ukambani, hasa upande wa Machakos uliko mji wa Tala, kwa kuyafuata maneno ambayo walimu na wazazi wameyatumia kuieleza kazi ya kumwongoza mtoto. Huenda msomaji akauliza jarida la lugha lina haja gani na habari za kiboko na mabweni. Jibu letu ni kwamba ubishi unaoendelea leo kuhusu fimbo shuleni, katika vyumba vya walimu na katika mikutano ya wazazi, umefungwa ndani ya msamiati, na wabishi wengi hawautambui msamiati huo wala historia yake.

Tuanze na maneno mawili. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu neno adabu, lenye maana ya mwenendo mwema na malezi, na neno adhabu, lenye maana ya mateso au malipo ya kosa. Katika Kiarabu mizizi ya maneno haya ni mbali kabisa. Herufi ya kwanza yenyewe si moja. Katika Kiswahili masikio yameyakaribisha, na matumizi yameyakaribisha zaidi. Kutia adabu, kwa maana yake ya asili, ni kumfunza mtu tabia njema. Lakini mzazi amwambiapo mwalimu, "Mtie adabu huyu," hakuna asiyeelewa kwamba fimbo imeruhusiwa. Hata kitenzi kuadibu kimeelemea upande huo. Neno la tatu, nidhamu, ambalo asili yake ni mpango na utaratibu, halina kipigo ndani yake, wala halimtaji anayetawala na anayetawaliwa. Si ajabu kwamba ndilo lililopendwa na maofisa wa elimu, maana lina usafi wa karatasi.

Kabla ya shule, Wakamba walikuwa na vyuo vyao. Mvulana alikaa thome, pale penye moto mbele ya boma, akawasikiliza wazee. Msichana alifunzwa na mama na nyanya. Baadaye ilikuja nzaĩko, yaani jando, na kila mwari alikuwa na mũvwĩkĩi wake, mlezi aliyesimama naye, akamfunza na kuwajibika kwa mwenendo wake. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefanya utafiti Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kutoa kitabu chake mwaka 1920, ameyaeleza mambo haya kwa kirefu. Isidhaniwe kwamba fimbo haikuwamo. Ilikuwamo, na vitisho vilikuwamo, na katika jando la pili vijana walipambanishwa na mbavani, yule kifaru wa kutengenezwa. Aidha aliyevunja heshima angeweza kuimbwa hadharani katika nyimbo za dhihaka, na pengine wimbo uliuma kuliko mti. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba fimbo ni ya wazungu tupu wanakosea, na wale wanaosema kwamba ndiyo mila yetu wanakosea vilevile. Jambo lililokuwa la wenyeji ni uhusiano: mũvwĩkĩi alikuwa na mwari wake mmoja au wachache, akawajua kwao, nao wakamjua.

Shule ilileta hesabu nyingine. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipiga kambi Nzaui mwaka 1895. Serikali ya kikoloni ilifungua shule yake Machakos mwaka 1915. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha shule ya Kabaa mwaka 1925, ikiongozwa na Padri Michael Witte, nayo ikahamishiwa Mang'u mwaka 1940. Katika shule hizi mtoto alikutana na kengele, mstari, daftari la majina na shamba la shule. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na James Aggrey wa Gold Coast, ilikuwa imesisitiza kilimo na kazi za mikono, na jembe likaingia katika ratiba kwa jina la elimu. Baadaye jembe hilohilo likawa adhabu. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya vimechimba visiki kwa kosa la kuchelewa, kisha tukashangaa kwamba vijana wanakidharau kilimo.

Palikuwa pia na adhabu iliyohusu kinywa. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama alivikwa shingoni kibao au mfupa, akakaa nao hadi amkamate mwenziwe katika kosa lilelile. Jioni walioshika kile kidude walichapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaandika ya kwao Limuru katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukombozi wa fikra, na walimu wazee wa Ukambani wanaijua desturi hiyo barabara. Uovu wake haukuwa katika kipigo peke yake. Kwa kibao kile shule ilimfanya kila mtoto kuwa mpelelezi wa mwenziwe, na ilimfundisha kwamba lugha aliyoitumia nyanya yake kumwonya ni kosa lenyewe. Mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ulioanzia Nairobi mwaka 1957, ulipata baraka za Tume ya Ominde mwaka 1964. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilirudisha lugha ya mama katika miaka mitatu ya mwanzo, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Sera zilibadilika, kibao hakikuzisoma, kikadumu katika shule nyingi miaka mingi baadaye.

Sasa tuitazame fimbo kisheria. Kanuni za Nidhamu Shuleni za mwaka 1972 ziliiruhusu, lakini kwa masharti ambayo leo yanasomeka kama hadithi. Mwanafunzi asipigwe ila kwa makosa mazito yaliyotajwa. Uchunguzi ufanywe kwanza. Asipigwe mbele ya wanafunzi wengine. Mapigo yasizidi sita, na yaandikwe katika daftari. Nani kati ya waliosoma miaka ile aliliona daftari hilo? Shirika la Human Rights Watch lilipochapisha uchunguzi wake mwaka 1999, lilionyesha kwamba vipigo vilitolewa na mwalimu yeyote, popote, kwa kosa lolote, hata la kushindwa hesabu. Hivyo fimbo tunayoililia leo kana kwamba ilikuwa sheria, kwa sehemu kubwa ilikuwa uvunjaji wa sheria.

Hapa ndipo hatuna budi kuikabili Kyanguli. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, katika wilaya ya Machakos, lilimwagiwa petroli na kutiwa moto. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Miongoni mwa manung'uniko yaliyotajwa ni kufutwa kwa matokeo ya mtihani. Wengi wa marehemu walizikwa palepale shuleni. Hakuna familia ya upande huu wa Ukambani isiyokuwa na jamaa, jirani au rafiki aliyeguswa na msiba ule.

Mwaka huohuo wa 2001, kwa Tangazo la Kisheria namba 56, serikali iliifuta ruhusa ya fimbo. Kwa kuwa mambo haya mawili yalitukia karibu karibu, kumbukumbu za watu zimeyaunganisha vibaya. Husikika ikisemwa kwamba fimbo iliondolewa, ndipo watoto wakaanza kuchoma shule. Tarehe zinakataa. Vijana wa Kyanguli walikuwa wamelelewa miaka yao yote ya shule chini ya kanuni za 1972. Mtakatifu Kizito, huko Meru, ambako wasichana 19 walikufa mwezi Julai 1991 baada ya kuvamiwa na wavulana wa shule yao, kulitokea wakati fimbo ni halali. Bombolulu, Machi 1998, wasichana 26 walioteketea: fimbo ilikuwa halali. Viranja wanne wa Nyeri, 1999, waliochomwa chumbani mwao: fimbo ilikuwa halali. Ni kweli pia kwamba moto haukukoma fimbo ilipokwisha. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa. Mwaka 2017 wasichana walikufa katika Moi Girls, Nairobi. Na Septemba 2024 wavulana 21 waliteketea Endarasha, Nyeri, kwa moto ambao chanzo chake si lazima kiwe hasira ya mwanafunzi. Haki ya hoja yatutaka tuseme kwamba fimbo haikuuzuia moto, na kuondolewa kwake hakukuuzima. Jambo linalorudi katika visa vingi ni mabweni yaliyojaa kupita kiasi, milango na madirisha yasiyofunguka, na malalamiko ambayo hayakupata masikio. Tume ya Sagini ya 1991 na jopo la Naomi Wangai la 2001 yaliundwa kuchunguza fujo hizi, na mapendekezo hayakukosekana.

Na mwalimu je? Sheria ya 2001 ilimwondolea chombo bila kumpa kingine. Aliambiwa atumie ushauri nasaha. Neno hili lenyewe ni kioja, kwa kuwa ushauri na nasaha ni kitu kimoja kilichotamkwa mara mbili, kama kwamba kurudia kutafidia upungufu wa washauri. Kitengo cha ushauri kilikuwako wizarani tangu 1971, lakini shuleni kazi hiyo ilitwikwa mwalimu mwenye vipindi kamili. Mwezi Januari 2003 elimu ya msingi ikafanywa ya bure, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mũvwĩkĩi aliyekuwa na mwari mmoja sasa alikuwa na watoto 80 au 100 katika chumba kimoja. Mishahara ilikuwa imekwisha kuzua migomo mikubwa ya 1997, chini ya Ambrose Adongo wa chama cha KNUT, na ya 1998. Ahadi za 1997 zilibaki deni kwa miaka. Mwezi Januari 2021 mwanafunzi mmoja aliwadunga kisu walimu wawili mjini Kisii, na Waziri George Magoha akataka fimbo irudi. Waliomshangilia wengi walikuwa walimu. Nadhani hawakushangilia ukatili. Walishangilia kuona mtu mkubwa akikiri kwamba mwalimu naye huogopa. Ila dawa aliyoitaja ilikuwa ya mtoto, na ugonjwa uliotajwa ulikuwa wa mwalimu.

Limebaki suala la wale ambao nidhamu ya zamani haikuwahesabu kabisa. Kamati ya mwaka 1964 kuhusu malezi ya walemavu iliongozwa na Ngala Mwendwa, Mkamba wa Kitui. Mji wa Machakos ukapata chuo cha ufundi cha wasioona, na taasisi ya kuwafunza walimu wa elimu maalumu, KISE, ikaanzishwa 1986. Lugha imekwenda sambamba. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: yote yako katika ngeli ya KI-VI, ingawa upatanisho ni wa watu, maana twasema kipofu huyu amefika. Wapo wanaodai kwamba kiambishi hicho ni dharau. Mimi sikubali moja kwa moja, kwa kuwa kiongozi na kijana wamo katika ngeli hiyohiyo na hawajalalamika. Hata hivyo mabadiliko ya kusema asiyeona na mwenye ulemavu yana maana, kwani yanamtaja mtu kwanza. Katiba ya 2010 inaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli, na sera ya 2018 ikasisitiza elimu jumuishi. Darasani, jumuishi maana yake ni mtoto asiyesikia kuketi miongoni mwa wenzake 60 mbele ya mwalimu asiyejua ishara hata moja. Akigeuka kumtazama jirani ili ajue kinachosemwa, huhesabiwa mtundu. Kabla ya 2001 angechapwa. Sasa husimamishwa pembeni.

Mwezi Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu kwa jina la wanagenzi ni kinyume cha sheria, na mwezi uliofuata walimu hao wa sekondari msingi walikuwa barabarani. Miongoni mwao wamo waliozaliwa karibu na mwaka wa Kyanguli, wasiopata kusomea katika shule yenye fimbo halali. Utafiti wa lugha yao, maneno wanayoyatumia wao kwa adabu na kwa adhabu wanapokuwa peke yao katika chumba cha walimu, haujafanywa, nao ungeweza kuanzia katika shule zilizoizunguka Tala.