Freni za jip zetu: toka Willys ya vita hadi Land Cruiser iliyoinuliwa

Wasikilizaji wa Sandoa, na ninyi jamaa mliohama makwenu mnaotufuata kutoka Kolwezi, Kasaji na ng'ambo ya mpaka, kila msimu wa mvua neno moja linarudi garajini: "Freni ni laini." Mekano anaongeza mafuta ya freni, shofa anakanyaga mara tatu, gari linaondoka na watu juu ya mizigo. Wengi wanasema kosa ni la barabara. Barabara ni mbaya, hatukatai. Lakini ukifuata historia ya magari haya, utaona kwamba ulegevu wa freni mara nyingi tumeutengeneza wenyewe, kwa chuma na moto wa kuchomelea.

Reli ya Tenke hadi Dilolo ilikamilika mwaka 1931 ikaungana na reli ya Benguela ya Angola. Ilipita Mutshatsha na Kasaji, ikaiacha Sandoa kaskazini. Basi chumvi, kitambaa, simenti na dawa vilitoka stesheni kwa njia ya mchanga, na gari la porini likawa kwetu kitu cha lazima, si cha fahari.

Baada ya vita vya pili vya dunia ikaja jip ya Willys, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1941. Ikiwa tupu ilikuwa na uzito wa tani moja hivi. Freni zake zilikuwa za tambura kwenye magurudumu yote manne, zikisukumwa na mafuta kwa nguvu ya mguu tu. Zilitosha, kwa sababu aliyeichora alijua uzito wake na ukubwa wa mipira yake. Land Rover ya mwaka 1948 ilifuata njia hiyo hiyo, na Toyota nayo ilianza jip yake mwaka 1951, ikaipa jina la Land Cruiser mwaka 1954.

Kubadili magari ni jambo la zamani huku. Wakati Katanga ilipojitenga, toka Julai 1960 hadi Januari 1963, karakana za Union Minière zilivisha malori mabati mazito ya chuma ili yawe magari ya vita. Chuma kiliongezwa juu. Chini, kazi ya freni ikawa kubwa zaidi. Gari la tani mbili likifanywa la tani tatu, freni zina kazi mara moja na nusu kwa mwendo ule ule. Ukipandisha mwendo toka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, kazi inazidi mara mbili.

Kwa maoni yangu, miaka iliyotufundisha kubadili kila kitu ni 1973 hadi 1978. Novemba 1973 Mobutu alitangaza maduka na biashara za wageni kuwa mali ya Wazaire, na maduka mengi yakaishiwa bidhaa. Mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga njia ya reli kwenda Lobito. Halafu vikaja vita vya Shaba, 1977 na 1978, na maelfu ya watu wa magharibi ya jimbo wakakimbilia Angola, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa gari lolote lililowaka. Piesi hazipatikani, mekano afanye nini? Alichukua motere ya gari moja, resori za lingine na freni za la tatu. Watu wakafika. Ufundi ule ni wa kuheshimiwa, lakini ulituachia mazoea ya kuona kwamba kitu kikiingia kwenye tundu, basi kinafaa.

Angalia Land Cruiser za leo zinazopanda Kapanga. Mipira mikubwa imewekwa ili zisinase mchangani. Ukitoa mpira wa kimo cha sentimita 75 ukaweka wa 85, nguvu ya freni inayofika ardhini inapungua kama asilimia 12, hata kama kila piesi ni mpya. Kisha resori zimeinuliwa. Kwenye Toyota nyingi kuna vali ndogo karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayopima mzigo: gari likishuka kwa uzito, vali inapeleka mafuta mengi kwenye freni za nyuma. Ukiinua gari bila kurekebisha fimbo ile, vali inadhani gari ni tupu. Unapakia magunia ya mihogo na jamaa nzima, na freni za nyuma bado zinafanya kazi kama za gari tupu. Mekano anabadili viatu vya freni, anatoa hewa, anabadili tena, na hakuna kinachobadilika. Dawa ni kurudisha kishikio cha fimbo katika kimo chake.

Kitu kingine ni alternata. Motere ya dizeli haina mvuto wa hewa kama ya petroli, kwa hiyo sevo ya freni inahitaji pampu yake, na kwenye dizeli nyingi za zamani za Toyota pampu hiyo imefungwa nyuma ya alternata. Mtu anaweka alternata ya bei nafuu isiyo na pampu. Batri inajaa, taa zinawaka, lakini pedali imekuwa ngumu kama jiwe. Jaribu hivi: zima motere, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo, sevo inafanya kazi. Isiposhuka, tafuta pampu, bomba lake au sevo yenyewe.

Pedali laini kama sponji ni habari nyingine: kuna hewa ndani. Ikizama polepole chini ya mguu, silinda kubwa inapitisha mafuta ndani yake au kuna mahali panavuja. Ikipanda baada ya kukanyaga mara mbili, mara nyingi viatu vya tambura viko mbali, vinahitaji kusogezwa. Yule shofa anayekanyaga mara tatu kabla ya kuondoka amekwisha kuona dalili, anaificha tu. Na tafadhali, mafuta ya motere yasitiwe kwenye freni: yanavimbisha mpira wa silinda zote, na ulichookoa kwa siku moja utakilipa kwa piesi zote. Maji ya sabuni yanayosimuliwa na mashofa wazee yanachemka kwenye mteremko, na mvuke hausukumi kitu.

Kwa jamaa zinazojiandaa kurudi vijijini: kabla mama na watoto hawajapanda, mwombeni shofa awashe motere, akanyage pedali kwa nguvu na kuhesabu mpaka thelathini. Kama pedali inazama, shusheni mizigo. Mkivuka mto, tambura zinashika maji na matope. Shofa aendeshe polepole huku akigusa freni mpaka zikauke, ndipo ateremke. Anayekataa majaribio haya ya dakika moja, mwulizeni ni lini mara ya mwisho alifungua magurudumu ya nyuma.