Jino Lisilopatikana Lusu: Umbo, Mwamba na Hoja ya Bahari ya Tanganyika

Mwaka 1858 John Hanning Speke aliokota makombe ya konokono katika Ziwa Tanganyika, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Wataalamu wa London waliyaona yamefanana mno na ya baharini. Mwaka 1883 Richard Böhm, aliyefanya utafiti Unyamwezi, akaona yavuyavu katika ziwa hilohilo. J. E. S. Moore aliyaunganisha mambo haya katika *The Tanganyika Problem* (1903), akadai kwamba ziwa ni salio la bahari ya enzi ya Jura.

Ingekuwa hivyo, shahidi wa kutafutwa kwanza angekuwa jino la iktiosauri au plesiosauri. Enameli hudumu pale mifupa inapomung'unyika, na watambaazi hao wa baharini waliota meno mapya maisha yao yote, hivyo mmoja tu aliacha mengi.

Hata hivyo, napinga wepesi wa kusema kwamba meno hayo hayapo Unyamwezi, basi Moore alikosea. Chukua Lusu, humohumo Unyamwezi, wilayani Nzega, ulipofunguliwa mgodi wa dhahabu wa Golden Pride mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwamba wenye dhahabu pale una umri unaozidi miaka bilioni 2.5, iktiosauri wa kwanza waliishi yapata miaka milioni 250 iliyopita. Mwamba huo ulikwisha kuwa mkongwe kabla mnyama yeyote mwenye jino hajazaliwa. Ukimya wake hauthibitishi bahari wala haukanushi.

Kinachomwangusha Moore ni umri wa ziwa lenyewe, miaka milioni 9 hadi 12 hivi, ilhali Jura iliisha miaka milioni 145 iliyopita. Zaidi ya hapo, aliliamini umbo kupita kiasi, na hapa meno yanafundisha vizuri. Jino la mchongoko, lenye umbo la pia, utalikuta kwa iktiosauri, kwa mamba na kwa pomboo, kwa kuwa wote hunasa samaki wanaoteleza. Judy Massare alionyesha mwaka 1987 jinsi umbo la meno ya watambaazi wa baharini linavyofuata aina ya mawindo. Nasaba hutafutwa kwingine: likatwe shina, na la iktiosauri litaonyesha dentini iliyokunjwa mikunjo, litazamwe taya, na meno ya iktiosauri wengi yamekaa katika mfereji mmoja mrefu, ya plesiosauri kila moja katika tundu lake.

Konokono wa Tanganyika nao wana makombe mazito kwa sababu ya kaa wa ziwani wanaoyavunja, kama utafiti wa Kelly West na wenzake ulivyoeleza mwaka 1991. Wamefanana na wa baharini kwa kuwa wamekabiliwa na adui wa namna ileile.

Mwanafunzi wa jiolojia anayeyataka meno hayo na aelekezwe mashariki: kwenye chokaa ya Jura ya Tanga na Lugoba, na hasa Tendaguru, Lindi. Huko msafara wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913 ulichimba dinosauri katika matabaka yanayopishana na matabaka ya bahari, na hayo ya bahari hayajapewa hata nusu ya umaarufu wa dinosauri. Akilipata jino, alikate shina kabla ya kulipa jina.