Sensa ya Filamu Unguja: Nani Hasa Aliyelindwa?

Kila unapozuka mjadala wa filamu au picha za simu hapa Unguja, hoja moja hutangulia: kwamba sensa ni jadi yetu, na kwamba tangu sinema ya mwanzo wakubwa walikagua ili watoto wasiharibike. Imerudiwa hata ikageuka historia. Lakini ukizisoma sheria kwa mfuatano wa miaka, mtoto humwoni. Anachelewa sana kufika.

Sheria mama ya sinema, ile ya Uingereza ya 1909, iliandikwa kwa kuogopa moto. Mikanda ya enzi hizo ilikuwa ya naitreti, kitu kinachowaka upesi na kisichokubali kuzimwa kwa maji, na chumba cha mashine kilihatarisha ukumbi mzima. Leseni ya usalama ikishapatikana, halmashauri zikagundua kwamba karatasi hiyohiyo yaweza kuamua nini kionyeshwe na nini kifichwe. Sisi wenyewe moto tumeujua: Royal, jumba la sinema lililochorwa na John Sinclair na kujengwa Vuga mwaka 1921, liliteketea, na Majestic tunayoiona leo ilisimamishwa pale mwaka 1955.

Hofu ya pili ilikuwa ya rangi. Katika miaka ya 1920 maofisa wa makoloni walikosa usingizi wakiwaza heshima ya Mzungu itabaki wapi Mwafrika atakapomwona Mzungu wa Hollywood amelewa, anaiba, au anabusu mke wa mtu. Sheria ya Afrika Kusini ya 1931 iliruhusu filamu kuzuiwa kwa kabila la mtazamaji. Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa na ukaguzi wa peke yake kwa watazamaji Waafrika, na mtu mzima mwenye mke na watoto akajikuta fungu moja na watoto wake.

Zanzibar ilikwenda njia nyingine kidogo. Laura Fair, katika kitabu chake *Reel Pleasures* cha 2018, anaeleza kumbi ambazo watu wa kila kabila waliingia mlango mmoja, bei ya tiketi ndiyo ikiwagawa viti. Jumapili ilikuwa siku ya filamu ya Kihindi. Familia zilivaa, tiketi za Majestic, Empire na Sultana zikilanguliwa barabarani, na wanawake walikuwa hata na maonyesho yao peke yao. Na mkasi wa filamu hizo ulikwishapita kabla ya jahazi au meli kung'oa nanga. Bombay ilikuwa na bodi ya ukaguzi tangu 1920, na kuanzia 1951 India nzima ikawa na bodi kuu. Filamu kama *Awaara* ilitua Unguja ikiwa imeshakaguliwa kulekule. Kilichobaki kilikaguliwa na shangazi aliyekaa kiti cha nyuma, na kesho yake habari nzima iko mtaani.

Kisha ikaja 1964, na hapa ndipo ningependa tukae.

Mapinduzi yalitaifisha kumbi. Serikali ikawa mwenye jumba, muuza tiketi na mkata filamu kwa wakati mmoja. Hali hiyo ina mkanganyiko ambao waandishi wengi wameupita mbio. Mkono mmoja ulihitaji ukumbi ujae, maana ulitia fedha na ulituliza mji. Mkono wa pili uliogopa kile kilichokuwa kikiwakusanya watu mle ndani. Thomas Burgess aliandika juu ya jambo hili mwaka 2002, makala kuhusu sinema, suruali za bugaluu zilizo pana chini, na sketi fupi katika Zanzibar ya Mapinduzi, na hapa petu makala hiyo haijasomwa inavyostahili. Kijana wa chama tawala, Afro-Shirazi, alitakiwa awe wa jembe na gwaride. Kijana aliyetoka sinema alitoka na nywele za afro, bugaluu, na mwendo aliouiga kwenye pazia. Kwa viongozi wa Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi, huo ulikuwa ukaidi wa kisiasa. Kwa kijana mwenyewe, anavyoeleza Burgess, ilikuwa njia ya kuwa raia wa dunia pana kuliko kisiwa.

Mavazi hayo yakawa kosa, na aliyekamatwa kwa bugaluu hakuwa mtoto. Alikuwa karani, fundi, mwalimu wa skuli, mtu mwenye mshahara na pengine mchumba. Dola ilimrudisha utotoni kama alivyofanya mkoloni, tofauti ni kwamba safari hii kigezo kilikuwa utiifu. Filamu ilikatwa ili kijana asitamani, kisha nguo ikapigwa marufuku kwa sababu alitamani vilevile.

Wapo wanaosema haya yaliletwa na washauri wa Kichina na wa Ujerumani Mashariki. Siyaamini, wala sioni haja ya kubishana sana: Dar es Salaam, Operesheni Vijana iliyotangazwa 1968 ilikuwa mpango wa vijana wa TANU wenyewe, na sketi fupi zilipigwa vita huko pia. Hoja ya upande wa chama ninayoona inastahili kusikilizwa ni nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari vilikuwa vya foleni. Suruali inayokula kitambaa cha suruali mbili, mbele ya mtu anayesubiri kilo ya unga, ilikuwa na lugha yake, na si kila aliyeichukia alikuwa mnafiki. Lakini hoja hiyo ni ya uchumi. Haina mtoto ndani yake. Na miaka hiyohiyo serikali ikaleta televisheni ya rangi, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, pazia ambalo halikuhitaji mkasi kwa sababu kila kitu kilitoka mkononi mwake.

Ya baadaye nitayapitia haraka. Bara walitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza mwaka 1976. Video ikaja, kumbi zikafa. Sheria Namba 5 ya 1988 ikashika magazeti na vitabu hapa Zanzibar, na ndiyo iliyolifunga gazeti la *Dira* Novemba 2003, bila watoto kutajwa. Sheria ya kulinda wari ya 1985 ilimpeleka jela msichana aliyepata mimba nje ya ndoa, mpaka ilipobadilishwa 2005. Ulinzi wa namna hiyo tulikuwa nao wa kutosha.

Mtoto halisi, mwenye umri chini ya miaka 18 na haki zake mwenyewe, anaingia na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011. Watoto walishirikishwa katika kuiandaa, na mwaka 2015 ilipata tuzo ya dhahabu ya sera kutoka World Future Council. Mwaka huohuo Sheria Namba 7 ikaunda Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU. Sasa mkaguzi wa filamu Zanzibar anafanya kazi katika nchi yenye sheria inayosema mtoto ni nani. Hilo ni jambo kubwa, na wanaodai jadi ya kale wanalipunguzia thamani bila kujua.

Lakini mambo ya filamu, utamaduni na watoto si ya Muungano. Posta na simu ni ya Muungano. Mwaka 2015, wakati Baraza la Wawakilishi kule Chukwani linaunda BASSFU, Bunge lilipitisha Dodoma Sheria ya Makosa ya Mtandao, inayotaja waziwazi ponografia ya watoto na kutumika Zanzibar isipokuwa kifungu cha 50. Filamu iliyorekodiwa Ng'ambo na kuuzwa kwenye diski Darajani ina mkaguzi wake hapa Unguja. Ikipakiwa kwenye simu ya mtoto wa darasa la tano, mtandao wa simu hiyo una leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Muungano.