Mkwamo wa Bajeti ya Illinois (2015–2017)

Kipindi ambacho jimbo la Illinois, Marekani, liliendeshwa bila bajeti kamili, kuanzia Julai 1, 2015 hadi Julai 6, 2017. Gavana Bruce Rauner, wa chama cha Republican, alitaka kwanza mageuzi ya kibiashara na kubanwa kwa vyama vya wafanyakazi. Spika Michael Madigan na wabunge wenzake wa Democratic walikataa.

Amri za mahakama zilihakikisha Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, na ulinzi wa watoto vinaendelea kulipiwa. Zilizoumia ni huduma zisizo na kinga hiyo: tiba ya uraibu, msaada kwa waathirika wa ukatili wa majumbani, huduma za wazee. Kazi hizi hufanywa zaidi na mashirika yasiyo ya kiserikali, yanayolipwa baada ya kutoa huduma. Kwa hiyo malipo yalipokwama, jimbo lilikuwa likiyakopa bila ridhaa yao. Mwezi Januari 2016, Lutheran Social Services of Illinois ilitangaza kufunga programu 30 na kufuta nafasi za kazi zaidi ya 750.

Hatimaye Bunge lilitengua kura ya turufu ya gavana dhidi ya bajeti, na kodi ya mapato ya mtu binafsi ikapanda kutoka asilimia 3.75 hadi 4.95. Ankara zilizolimbikizwa zilikuwa zimepita dola bilioni 14.