Mamilioni ya Kinshasa, tope la Masisi

Tangu uwanja wa Martyrs wa Kinshasa ulipofurika Julai 28, 2023, siku ya kufunguliwa kwa Michezo ya tisa ya Frankofonia, wakubwa wetu wanaitaja siku hiyo kama ushahidi kwamba Kongo inaweza. Inaweza kweli. Sisi wa Kivu Kaskazini tunauliza: iliweza kwa faida ya nani?

Michezo hii ya nchi zinazotumia Kifaransa, yenye riadha, mieleka na judo, pamoja na nyimbo, ngoma na hadithi, ilianza Morocco 1989, ikazunguka hadi Niamey, Beirut na Abidjan.

Kinshasa haikuwa chaguo la kwanza. Michezo ya 2021 ilipewa miji ya Moncton na Dieppe, jimbo la New Brunswick, Kanada. Makisio yalikuwa dola milioni 17. Hesabu zilipopigwa upya zikafika 130. Waziri mkuu mpya wa jimbo, Blaine Higgs, akaitaka serikali ya Ottawa ibebe mzigo. Ottawa ikajibu: nusu tu. Januari 2019 Higgs akajitoa, wazungumzaji wa Kifaransa wa huko wakilalamika sana. Wakanada hao ni wabishi, lakini angalau waligombana kabla ya kulipa. Julai mwaka huohuo mzigo ukatuangukia sisi.

Kwetu makisio ya dola milioni 48 yaliishia takriban 324, na hakuna aliyejitoa. Korona na ujenzi uliochelewa vikasogeza tarehe mara mbili. Tata Raphaël, uwanja wa pambano la Ali na Foreman la 1974, ukakarabatiwa na kuongezewa kumbi. Vijana wa Kinshasa wamepata viwanja, nasi hatuwaonei wivu.

Ila Januari 2023 Kitshanga, wilayani Masisi, ilikuwa imeangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mashabiki wakiimba Martyrs, familia za Masisi zilikuwa chini ya maturubai katika kambi za Bulengo na Lushagala, karibu na Goma, watoto wakicheza peku juu ya mawe ya volkano, mpira wao ukiwa majani ya migomba yaliyofungwa kamba.

Katika wilaya jirani ya Walikale nako kunachimbwa bati huko Bisie, utajiri unaovuka bahari, na Machi 2025 vita vikaingia hadi makao makuu ya wilaya hiyo.

Amani ndiyo ya kwanza, hilo halina ubishi. Lakini wabunge wetu wasisubiri: waandike kiwanja kimoja cha michezo kwa Masisi na kimoja kwa Walikale katika bajeti, kabla Kinshasa haijaomba mashindano mengine.