Himaya, ufalme na domeni: viumbe na majina yao katika kibanja cha Kagera

himaya nm [i-/zi-] 1 ulinzi au mamlaka ya dola juu ya nchi nyingine. 2 (biol.) kundi kubwa la viumbe lililo chini ya domeni na juu ya faila.

Maana ya kwanza ni kongwe. Ya pili imezaliwa madarasani na katika tafsiri. Baadhi ya walimu hupendelea *ufalme* (wingi *falme*). Maneno yote mawili yanakubalika, mradi mwandishi achague moja na kudumu nalo. *Domeni* halina mshindani wa maana.

Tofauti kati ya himaya moja na nyingine huonekana kuwa suala la vitabu tu hadi mgomba unaponyauka. Mnyauko bakteria ulielezwa kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, ukathibitishwa Uganda mwaka 2001, na katikati ya muongo huo ukaingia Kagera, ambako wilaya ya Muleba ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kukumbwa. Wengi huuita pia *unyanjano*. Chanzo chake ni bakteria wa jenasi Xanthomonas. Mkulima akikata shina hutokwa na utomvu wa rangi ya manjano, na ndizi huiva kabla ya wakati, tena bila mpangilio. Ugonjwa wa Panama nao hunyausha majani, lakini chanzo chake ni kuvu wa jenasi Fusarium, anayeishi udongoni kwa miaka mingi, na shina likikatwa halitoi utomvu huo. Sigatoka nyeusi, inayokausha majani, ni kuvu pia. Fukusi anayetoboa kitunguu cha mgomba ni mnyama. Mgomba wenyewe ni mmea, ingawa si mti: kile kinachoitwa shina ni makuti ya majani yaliyokumbatiana.

Hapo ndipo neno *mdudu* linapoleta hasara. Katika Kiswahili cha kawaida *mdudu* ni panzi, ni mnyoo, na ni kile kisichoonekana kinacholeta homa. Kipeperushi kikisema kwamba mgomba «umeingiliwa na wadudu», msomaji wa Bukoba ana haki ya kununua dawa ya kuua wadudu na kupoteza fedha yake, kwa kuwa mnyauko bakteria hauna dawa ya kunyunyizia. Unachodhibitiwa nacho ni kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kuondoa migomba iliyougua. Ni kweli kwamba nyuki na wadudu wengine hubeba bakteria kutoka ua hadi ua, na hivyo mfasiri analazimika kutaja wote wawili, kila mmoja kwa jina lake. *Kijidudu* hupunguza umbo, hakiondoi utata. *Ukungu* nalo lina kasoro yake, kwani ni kuvu na pia ni wingu la asubuhi juu ya Ziwa Victoria. Katika maandishi ya kitaalamu *kuvu* au *fangasi* ni salama zaidi.

Carl Linnaeus, mwaka 1735, aliwagawa viumbe hai katika himaya mbili tu, mimea na wanyama. Ernst Haeckel aliongeza ya tatu, Protista, mwaka 1866. Mwaka 1969 Robert Whittaker alipendekeza himaya tano, akiwapa kuvu himaya yao, na mpango unaofanana na huo ndio unaofundishwa katika sekondari za Tanzania: Monera, Protoktista, Kuvu, Mimea na Wanyama. Baadaye Carl Woese na George Fox, walipolinganisha molekuli za RNA mwaka 1977, waligundua kwamba Monera imechanganya viumbe wa aina mbili tofauti kabisa. Mwaka 1990 Woese na wenzake wakatangaza domeni tatu: Bakteria, Arkea na Eukaria. Arkea ndio wanaozalisha methani katika tumbo la ng'ombe na katika mtambo wa biogesi unaolishwa samadi yake. Mgomba, fukusi, kuvu wa Panama na hamira inayochachusha rubisi wote ni Eukaria. Kwa kipimo hicho, mgomba una undugu wa karibu zaidi na fukusi kuliko bakteria alivyo na kuvu, japo wawili hawa husemwa kwa neno moja.

Upatanisho wa kisarufi haujafika mbali hivyo. Kiswahili huwapa watu na wanyama *a-/wa-* na kuinyima mimea (*mgomba huu*), mpango unaokaribia ule wa Linnaeus. *Bakteria* husikika kwa namna mbili, *bakteria huyu* na *bakteria hii*. Ya kwanza inafaa zaidi, kwa kuwa ni kiumbe hai na wengi wao hujongea. *Kuvu* nalo huyumba, lakini likitaja kiumbe badala ya madoa juu ya mkate, *kuvu huyu* haina kosa.

*Virusi* ni kisa kingine. Neno la kigeni lilisikika kama lina kiambishi *vi-*, likazaa umoja *kirusi*: *kirusi hiki*, *virusi hivi*. Batobato ya mihogo huletwa na virusi vinavyobebwa na inzi weupe, na virusi havimo katika domeni yoyote kati ya hizo tatu. Vina uainishaji wao. Kuandika «bakteria au virusi vya mnyauko», kana kwamba ni visawe, ni kosa la biolojia na la sarufi kwa pamoja.

Taz. pia *ngeli*, ambalo kwa mwanabiolojia ni daraja lililo kati ya faila na oda.